Ya Pili Ilale Nyumba Nyingine

Studio ya Baba,
Mlango wa bluu, nyuma ya posta.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kope,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na yule mwanenu wa meno mawili, nasikia sasa anatembea kwa kushika ukuta, na kila alichokipita kiko chini. Vipeni vyombo pole zangu.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la Shangazi linampa taabu akipanda ngazi; akishuka linanyamaza, kwa hiyo anasema tatizo ni ngazi. Mimi nina mafua tu, ya vumbi la mapazia ya studio. Mama nitamfikia. Ana mahali pake katika barua hii.

Najua umeigeuza bahasha mara mbili kabla ya kuifungua, ukijiuliza ni nani siku hizi anaandika kwa kalamu. Ni dada yako. Kwenye simu, mtu akimtaja Baba, mtandao wako huanza kukatika papo hapo. Karatasi haikatiki, basi kaa chini usome.

Jambo moja kwanza, kabla sijaanza kuzurura kama kawaida yangu. Ile diski ndogo niliyokutumia mwaka jana, niliyoivingirisha ndani ya soksi ya sufi ya Baba, iache hapo ilipo mpaka umalize barua hii. Usiichomeke popote. Wifi ameniambia bado iko kwenye droo, na soksi yake; usimgombeze, nilimbana mimi. Picha za Baba za dirishani zimefutika huku kwetu, Kope. Zote. Hizo ulizo nazo ndizo zilizobaki, kama kweli zimebaki.

Usiruke kwenda kwenye droo. Nakujua.

Uliniuliza kwenye ujumbe ununue diski gani ya kuaminika, maana umeanza kupiga picha za harusi mwishoni mwa wiki na kompyuta yako imejaa pomoni. Nilimsomea Mama ujumbe ule, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na siku hizi tabasamu la Mama ni kitu cha kusimulia. Umeukimbia ufundi wa nyumbani miaka yote, umekufuata hadi huko. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jibu fupi ni kwamba hakuna. Zote hufa, za bei kali na za bei ya kutupa. Nyingine hufa kwa kelele, nyingine zinanyamaza tu siku moja kama mgeni aliyechoka na mazungumzo. Swali ni siku hiyo utakuwa na nini kingine mkononi. Jibu refu nitakupa, ila lazima nipitie studio kwanza.

Mchana studio huwa kimya. Jua hupita kwenye pazia la wavu na kuchora miraba sakafuni, na miraba hiyo husogea taratibu kutoka kiti cha wateja hadi mlango wa kile chumba cha giza, ambacho sasa ni stoo ya miavuli ya taa. Mimi hukaa pale na kikombe changu, nikasinzia nimeshika kipanya cha kompyuta. Ndoto yangu ni ile ile. Baba ameinama juu ya beseni, taa nyekundu inawaka, anaitikisa karatasi nyeupe ndani ya dawa. Nasubiri uso utokeze. Huanza nyusi, kama zamani, halafu kola ya shati, halafu naamka kabla macho hayajaja.

Siamki na huzuni, nakwambia kweli. Naamka nikisikia harufu ya siki ya ile dawa, na kwa muda kidogo sijui huu ni mwaka gani, wala kama mimi ni mtu mzima au bado ni wa kutumwa dukani. Napenda sana muda ule. Kisha simu inalia, mteja anataka kujua kama nguo nyeusi inapunguza unene.

Unaikumbuka ada ya Baba? Kila picha aliisafisha mara mbili. Ya kwanza ya mteja. Ya pili haikulala studio hata siku moja, ilikwenda kwa Shangazi, mtaa wa juu. "Ya pili ilale nyumba nyingine," alikuwa akisema huku anapuliza bahasha ikauke gundi. Wa kutumwa tulikuwa mimi na wewe, bahasha chini ya shati, mvua inanyesha na wewe unalalamika kwamba bi harusi anakuchoma mbavu. Kabati la Shangazi likajaa maharusi wasiomhusu. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa akiuliza kila asubuhi kama leo anaruhusiwa kupata nafasi ya suruali moja.

Tulicheka mpaka bomba la ghorofa ya juu lilipopasuka na studio ikajaa maji. Nusu ya mji ilikwenda kwa Shangazi kutafuta harusi zake. Akawakalisha sebuleni, akawapanga foleni, akawaita mmoja mmoja kama daktari wa meno. Mpaka leo akikasirika anatukumbusha.

Na jina lako nalo lilitoka kwa Baba, usisahau. Picha zote za familia ukutani hapa, wewe umefumba. Umeshika mpira, umefumba. Umevaa sare mpya ya shule, umefumba. Baba anahesabu, anasema, "Kope, fumbua," taa inawaka, na wewe ndiyo kwanza unafunga duka. Mama alikuwa akisema mtoto huyu ataijua familia yake kwa sauti.

Sasa picha za dirishani. Baba alipokuwa hawezi tena kusimama na kamera, alihamia kiti cha dirishani. Kila asubuhi nilimpiga picha moja, kutoka mahali pale pale, nilipochora chaki sakafuni. Wazo lilikuwa lake. Alisema anataka kuona mwanga unavyozeeka. Mimi nadhani alitaka tuzoee. Mama yumo humo nusu nusu: mkono unaoleta chai, bega, vidole vinavyofunga kifungo cha shati. Hakutaka kuonekana uso akiwa na nguo za nyumbani. Baba alikataza tusisafishe hata moja mpaka zikamilike. Zilipokamilika, mwezi ule unaoujua, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitia kwenye karatasi.

Hukuweza kufika kumzika. Makaratasi yako ya safari yalikwama, sote tunajua, na hapa nyumbani hakuna aliyekulaumu jana wala leo. Ndiyo maana nilikunakilia folda nzima, nikaitia diski kwenye soksi yake, nikakutumia. Nilikuwa natii ada tu. Ukajibu, "Nimepata, asante dada," basi.

Sasa sikia kosa lenyewe, na niambie kama lingeweza kutokea nyumba nyingine yoyote. Hapa kwetu, kazi ikishamfikia mwenyewe, folda yake tunaipa alama ya kijani kwenye kompyuta. Mwisho wa mwezi Mama huketi mezani, miwani puani, akafagia: kila chenye kijani anafuta, harusi zijazo zipate nafasi. Unamjua Mama na ufagio. Anafuta, kisha na lile pipa la taka la kompyuta analimwaga, kwa sababu taka haziachwi ndani. Folda ya Baba ilipokufikia wewe, nayo ikapata kijani. Mkono umezoea. Kazi imemfikia mwenyewe, kijani. Mwisho wa mwezi ukafika, Mama akafagia.

Utauliza, nakala je? Ilikuwepo, tena ya fahari. Nilikuwa nimenunua lile boksi lenye diski mbili mapacha, moja ikiandika na ya pili inaandika. Nililisifu mpaka fundi cherehani wa jirani akaniomba tuongee mambo mengine. Lakini mapacha wale hawajui kubishana: ukifuta kwa huyu, na huyu anafuta muda huo huo. Linakukinga diski moja ikifa. Mkono wako mwenyewe halikukingi nao. Ukilinunua, lifanyie kazi, ila usiliite akiba.

Tuligundua siku Mama alipokuja mwenyewe, amejifunga kitambaa kipya, akasema sasa anao moyo, tuzisafishe picha za mzee azipange ukutani. Nikafungua. Nikatafuta. Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, na niliuhisi mkono ule ukielewa kabla yangu.

Boksi nililipeleka kwa fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Daktari kwa sababu hagusi kitu kabla ya kukuuliza kimeanza kuumwa lini. Alihangaika nalo sana. Akaokoa vipande: ukingo wa dirisha, nusu ya kikombe, kijivu kitupu. Harusi za watu zilikuwa zimeshaandikwa juu. "Dada, nisikudanganye," akaniambia, "hapa pameshajengwa nyumba juu ya nyumba." Kadi za kamera nazo nilikuwa nimezitumia tena zamani.

Mama hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, "Nimemfuta baba yenu kwa kidole changu mwenyewe," akaenda kuanika nguo. Tangu siku ile haingii studio. Akiniletea chakula anagonga mlango wa bluu, ananikabidhi sahani akiwa nje, anaondoka. Studio hii alikuwa akiingia bila kugonga tangu mimi sijazaliwa. Nikimwambia, "Mama, Kope anayo nyingine," ananijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Anaogopa kukupigia. Anaogopa atauliza, halafu wewe utanyamaza.

Kinachomtafuna zaidi ni shati. Asubuhi ile ya mwisho alimfunga vifungo yeye, na sasa hakumbuki lilikuwa shati gani. Shangazi anasema lile la mistari. Mama anasema la bluu, halafu akifika nusu ya sentensi anasema hapana. Nimeulizwa mimi, mpiga picha mwenyewe, na sijui, Kope. Nilikuwa naangalia mwanga. Sisi watu wa kamera tunaona kila kitu ili tusilazimike kukikumbuka, na wewe umeingia chama hicho, karibu sana.

Wakati mwingine miraba ya jua ikifika kwenye kiti chake, naziwaza picha zile zimelala huko kwako gizani, ndani ya sufi, na wewe unapita na taulo begani, unatafuta kijiko cha mtoto, unafungua droo, unaifunga. Inanituliza ajabu. Naona kama Baba hajaenda mbali, amelala tu nyumba nyingine. Nakaa na wazo hilo mpaka chai inapoa.

Haya, turudi kwenye swali lako, Bwana Harusi za Watu.

Nunua diski mbili za nje, zile za kawaida zinazozunguka ndani, kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Zisiwe za kampuni moja, na kama unaweza zisiwe za duka moja. Zilizotoka tumbo moja huugua msimu mmoja, Daktari ameapa. Moja ikae nyumbani. Nyingine ikae kwa mtu, kazini kwa wifi au kwa rafiki asiyependa kuazimisha vitu. Siku ukipeleka kazi mpya, mnabadilishana. Ukiulizwa ni ushamba gani huo, sema ni ushamba wa kurithi.

Zile nyembamba zisizozunguka ni nzuri kwa safari. Zina mbio na hata ukiziangusha hazinuni. Lakini usiziweke kabatini mwaka baada ya mwaka bila umeme. Ukiziacha sana zinaanza kusahau. Flashi ni bahasha ya kumpelekea mteja, si kabati. Na kadi ya kamera usiifute mpaka picha ziwe zimelala mahali pawili, hata kama bi harusi anakuita uje upige keki. Mwambie keki haina miguu.

Hifadhi ya mtandaoni nayo usiidharau kwa zile ulizokwisha kuzichagua na kuzitengeneza. Ila kabla ya kuuliza namna ya kuingiza, uliza namna ya kutoa zote kwa mpigo, na uliza kama ukizifuta kwenye simu na huko zinafutika. Zipo zinazokufuata kama wale mapacha wangu. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na unaona naandika barua ya namna gani.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kumiliki diski. Hii akiba yetu huoza kimya kimya, kwa hiyo kila baada ya muda unaitoa, unaiwasha, unafungua picha zenyewe na kuzitazama. Baba alikuwa akienda kwa Shangazi, anavuta bahasha yoyote kabatini, anaangalia, anarudisha. Tulidhani anafuata chai.

Sasa ile ya kwenye soksi. Nunua kwanza hizo mbili mpya. Chagua siku ya mapumziko, mchana, mtoto amelala. Iweke mezani, si kitandani wala mapajani, na tumia waya mzima, sio ule wako wenye plasta. Ukiisikia inagonga, tik tik kama ukucha kwenye meza, izime papo hapo umpelekee fundi. Usijaribu mara ya pili kwa kiherehere. Kompyuta ikikuuliza kama iifomati, kataa. Usifute kitu, usipange, usibadilishe jina. Nakili kwenye ya kwanza, kisha nakili kwenye ya pili, na uwe na subira, pole pole ndio mwendo.

Lililobaki ndilo gumu, na ndilo lililonishikisha kalamu. Kunakili peke yake hakutoshi. Faili inaweza kuwa na jina lake na uzito wake, ukaifungua ukakuta kijivu kitupu kama vile vipande alivyookoa Daktari. Picha haijulikani kama ni nzima mpaka mtu aitazame. Na hakuna mwingine wa kuzitazama, mdogo wangu. Itabidi uanze ya kwanza uende hadi ya mwisho, moja moja, zote.

Najua kwa nini soksi haijafunguliwa. Huku sisi tulimwona akipungua kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi, na tukapewa nafasi ya kuzoea. Wewe uliaga mtu mzima mwenye mabega, na ilimradi droo imefungwa, mtu yule bado anayo mabega yake. Hata mimi ningeifunga. Nilikuwa nakuonea huruma ile kimya kimya na nilikuwa tayari kukuachia miaka. Lakini Mama anagonga mlango wa studio ya mumewe, Kope, na mimi siwezi tena kumfungulia kama mgeni.

Utamwona anakonda. Kuna wiki fulani utataka kuacha. Usiache, kwa sababu baada ya wiki ile kuna asubuhi anacheka mpaka picha imecheza. Alikuwa akinisimulia ulivyomficha bi harusi chini ya shati. Ziko nyingine amekutazama wewe. Nasema kweli. Alikuwa akiniuliza, "Hizi Kope atazipata?" nikisema ndiyo, anaangalia moja kwa moja kwenye kamera na kunyoosha kola.

Shangazi anakusalimu na kukukumbusha kwamba kabati lake bado lina nafasi. Daktari anakusalimu, anasema epuka waya wa bei rahisi. Fundi cherehani naye anasalimu, anakudai mpira uliopotelea kwake ukiwa shuleni, au ni wewe unayemdai, hakumbuki. Mpe wifi mkono wangu, mbusu mtoto paji la uso. Mungu awafunike huko mliko, awape usingizi mwema na riziki isiyo na kelele.

Ukimaliza kutazama usinipigie mimi. Mpigie Mama, saa za kuanika nguo, anapokuwa peke yake uani. Habari za diski usimwambie, hazimhusu. Mwambie tu asubuhi ile ya mwisho Baba alikuwa amevaa shati gani.

Nami nitakuwa hapa, penye alama ya chaki, nikisikiliza mlango wa bluu kama utafunguliwa bila kugongwa. Kope, fumbua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata umefumba.